Safari ya Kinga Mpaka Kasongo: Nani Amepanga Jumatatu?



Kila mwaka mvua zikikatika, mwezi wa sita na wa saba, mbele ya milango yetu huonekana jambo lile lile. Kinga zimepinduliwa juu chini, magurudumu yanazungushwa, minyororo inapakwa mafuta. Vijana wanapanga safari. Jumamosi kwenda Kasongo, Jumapili kurudi. Mmoja anakwenda kuona wazazi, mwingine ana matanga au ndoa, mwingine anataka mchele na mafuta ya mawese kwa bei ya huko. Na wengine, tusifichane, wanataka tu kujua nani atafika wa kwanza.

Mimi sina neno na safari hiyo. Nimeifanya mwenyewe mara nyingi, na bado naipenda. Neno langu ni juu ya siku ya tatu, ambayo sijamsikia mtu akiipanga: Jumatatu.

Kwanza kicheko kidogo. Watu wa pwani husema baiskeli. Kwao kinga ni kitu cha kumlinda mtu, na wana methali kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Mgeni mmoja kutoka Tanzania alisoma tangazo ukutani kwetu, «Kila mtu achunge kinga yake», akatusifu kwamba tunajali usalama. Kumbe kulikuwa na mwizi.

Sasa nitasema yangu. Mwaka mmoja niliondoka Jumamosi kabla ya jua, nikafika Kasongo usiku, nikakesha matangani kama inavyopasa. Jumapili nilirudi. Niliingia kampini jogoo wakiwika, nikanawa uso, nikaenda kazini. Mahali pangu palikuwa kando ya mkanda unaopeleka mawe kwenye mashine ya kuponda. Sikusinzia, au ndivyo nilivyodhani. Mwenzangu aliinama kutoa jiwe lililokwama. Akapiga kelele «Ngoja!», mimi nikasikia «Washa!» Mkono wake ulipona kwa sababu yeye ni mwepesi. Glovu ilikwenda na mkanda.

Mtaniambia kwamba mkanda hufungwa kwa kufuli na kibao, si kwa maneno ya mdomo. Ni kweli kabisa. Lakini mtu wa usingizi ndiye huyo huyo anayesahau kufuli na kibao. Mwenzangu hakunishitaki. Mpaka leo tukikutana ananionyesha vidole vyake vitano, anacheka. Mimi sicheki.

Wanasayansi wa Australia waliandika jambo hili mwaka 1997 katika gazeti la Nature. Waliwapima watu waliokaa macho kwa saa nyingi, wakawapima pia walipokunywa pombe. Mtu aliyekaa macho saa 17 alifanya kazi vibaya sawa na mwenye nusu gramu ya pombe katika kila lita ya damu. Akifika saa 24, ni sawa na gramu moja hivi. Hesabuni wenyewe saa zangu za siku zile. Kama ningekuja kazini ninanuka lutuku, shefu angenirudisha mlangoni. Nilikuja ninanuka jasho la barabara, akanisalimia vizuri na kunipa kazi.

Tuangalie hesabu ya njia. Kutoka Kabambare mpaka Kasongo ni zaidi ya kilometa 100, na si za lami. Kuna udongo mwekundu uliochimbwa na mvua, kuna mchanga ambamo gurudumu linazama, kuna madaraja ya magogo ambapo lazima ushuke. Mtu mwenye nguvu asiye na mzigo akipata kilometa 10 kwa saa, amefanya vizuri. Basi ni saa 10 au 11 za kukanyaga na kusukuma, bila kuhesabu kupumzika, kula na kuziba mpira. Mchana wa nchi yetu una saa 12 tu. Kwenda peke yake kunamaliza siku yote. Ukirudi kesho yake umemaliza siku nyingine yote, na mwili haukupata nafasi hata ya kuuliza kuna nini.

Vijana husema: mbona Ulaya watu wanafanya zaidi? Wanafanya, kweli. Huko Ufaransa kuna safari ya Paris–Brest–Paris iliyoanza mwaka 1891, kilometa 1.200, na wengi wanapewa saa 90 kuimaliza. Wale wanaojizoeza kwa kilometa 200 wanapewa saa 13 na nusu. Lakini someni vizuri. Wanapita juu ya lami, kinga zao ni nyepesi na zina gia. Usiku hawaruhusiwi kupita bila taa mbele na nyuma, na nguo inayong’aa. Kuna vituo ambapo karatasi yao inapigwa muhuri, watu wakijua nani amepita na nani bado. Na hakuna anayetoka hapo kwenda kusimama kando ya mashine ya kuponda mawe na gunia la mchele nyuma yake.

Kama tunataka walimu, tuwatazame walio karibu: wachuuzi wa kinga. Hawa ni watu wanaopeleka mchele, karanga na mafuta wakirudi na chumvi, sabuni na vitambaa, tangu malori yalipokuwa machache katika barabara zetu. Sijaona mtu anayejua safari kuliko wao. Mchuuzi haondoki saa ya jua kali. Anatoka kungali giza kidogo, na jua likiwa utosini yuko chini ya mwembe. Mlimani anasukuma, haoni haya. Fimbo imefungwa kwenye usukani ili aongoze akitembea kando ya mzigo. Anajua kijiji atakacholala, na mwenye nyumba anajua kwamba atafika. Na tazameni: hawaendi peke yao. Wanakwenda wawili, watatu, wanne, na mwendo ni wa yule aliye dhaifu kuliko wote. Yule wa mbele akiona haya kwa kungoja, bado hajaijua kazi.

Sisi wa mgodi tunawapita tukipiga kengele. Jioni wanatukuta tumekaa kando ya njia.

Juu ya mzigo nitasema kwa ukali kidogo. Kurudi na gunia la mchele ni jambo jema, mama atafurahi. Lakini gunia la kilo 50 nyuma, dumu la lita 20 ubavuni, na mtoto wa dada yako juu ya chuma cha mbele, hiyo si kinga tena, ni lori lisilo na breki. Ajali mbaya nilizoziona hazikutokea mlimani kwenye kupanda. Zilitokea kwenye mteremko, breki za mpira zilizoliwa, na mtu akijaribu kusimamisha gurudumu kwa soli ya kandambili. Kabla ya kuondoka fanya hivi: panda kinga na mzigo wote, telemka kwenye mteremko mfupi hapa kampini, shika breki. Isiposimama, mzigo upungue au breki ibadilishwe. Na mtoto anayebebwa nyuma avae viatu, miguu ipanuliwe na kuwekwa juu ya kitu, maana kisigino cha mtoto kikiingia katika nyuzi za gurudumu, hutakisahau kilio hicho.

Wengine huuliza kama kofia ngumu ya mgodini inafaa njiani. Kofia ile ilitengenezwa kwa kitu kinachoanguka kutoka juu. Wewe ndiwe utakayeanguka, na bila ukanda wa kidevuni kofia itafika chini kabla yako. Kama ina ukanda, ni afadhali kuliko kichwa kitupu. Taa ya mgodini acheni mahali pake. Ni ya kazi, na aliyeichukua Jumamosi anamwacha mwenzake gizani.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui, nalo ni la nguo. Mbung’o, yule nzi anayeleta ugonjwa wa usingizi, anapenda rangi ya buluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Na sisi tunavaa nini? Salopeti ya buluu ya kazi, kisha tunakaa kando ya mto kunawa miguu, mahali anapokaa yeye. Vaeni nguo ya rangi hafifu, yenye mikono mirefu. Ugonjwa huo umekuwa ukionekana katika Maniema miaka mingi. Siku hizi kuna vidonge vya fexinidazole, si kama zamani watu walipochomwa dawa kali yenye sumu ndani yake. Lakini vidonge haviwezi kumsaidia mtu asiyekwenda kupimwa. Homa inayorudi na kichwa kuuma majuma mengi baada ya safari, usiseme ni uchovu tu. Nenda kwa muganga, umwambie ulipita wapi.

Vidonda vya miguu pia tunavidharau. Kanyagio limekwaruza mguu, tope limeingia, mtu anasema kitakauka. Yule mzungu Livingstone alifika nchi ya Kabambare mwaka 1869, mahali alipopaandika Bambarre. Mwaka 1870 vidonda vya miguu vilimfunga hapo muda mrefu. Alishindwa kutembea, akaketi nyumbani, na hakuondoka hapo mpaka Februari 1871. Naye alikuwa muganga, mwenye sanduku la dawa. Kipande cha sabuni na kitambaa safi havina uzito. Osha kidonda siku ile ile, kifunike.

Maji: mtu anayekanyaga juani anahitaji zaidi ya nusu lita kila saa. Chukueni ya kuchemsha, na mjue kijiji gani mtaomba mengine na kuyachemsha. Mguu ukianza kukaza, au mtu akiharisha, changanyeni lita moja ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazisha, si vya mlima. Kuleni kidogo kidogo njiani, ndizi, karanga, muhogo uliochemshwa. Wale wanaokula bukari nzito mara moja halafu wanapanda mlima, tumbo lenyewe litawajibu.

Na ulizeni habari za njia. Hatuwezi kuandika juu ya nchi ya Kabambare kana kwamba hatujui silaha. Mwaka 1 Machi 2017 ulipotokea utekaji nyara wa wafanyakazi wa mgodi wa Namoya, kila nyumba ya mfanyakazi iliogopa. Njia iliyokuwa salama juma lililopita inaweza kuwa mbaya juma hili. Waulizeni wachuuzi waliofika jana. Wakisema ngojeni, ngojeni, hata kama mchumba amekwisha pika.

Basi nini kifanyike? Najua wakubwa wengine wangependa kuandika ubaoni: ni marufuku kusafiri kwa kinga siku za mapumziko. Sikubali. Mtu ana mama yake Kasongo. Mtu ana kilio. Tangazo halizuii kilio. Litamfanya tu aondoke kwa siri, bila kumwambia yeyote njia aliyopita, na hiyo ni hatari kuliko ya kwanza. Tena mwili unaokanyaga kinga ni mwili mzima. Ningependa kuwaona vijana njiani kuliko kuwaona wameketi kwenye chupa tangu Ijumaa mpaka Jumapili.

Lakini sikubaliani pia na vijana wa siku mbili. Safari ya Kasongo ni ya siku nne: siku ya kwenda, siku ya kukaa na watu, siku ya kurudi, na usiku mmoja kamili wa kulala kabla ya zamu, na mchana wake. Asiye na siku nne aende nusu ya njia, kuna vijiji vizuri na watu wakarimu, arudi Jumapili kabla ya jua kuwa kali. Mwenye kilio aombe siku za konji, na shefu wa ekipi asizihesabu kama uvivu. Siku mbili za mtu mmoja ni bei ndogo kuliko mkono wa mwenzake. Na yule aliyerudi usiku bila kulala, aseme asubuhi kwa kinywa chake: «Shefu, leo usiniweke kwenye mashine.» Apewe fagio, apewe kuhesabu magunia, na asichekwe.

Nanyi mama, ninyi ndio mnaomwona anapofika. Akiingia jogoo wakiwika, macho mekundu, akauliza salopeti yake iko wapi, ifungieni sandukuni na mtume mtoto kwa shefu na habari.

Mwezi wa saba nitakwenda tena, na wenzangu wawili, mmoja wao ni yule wa vidole vitano. Tumechagua kijiji cha kulala kwenda na kurudi, tumebadilisha breki, na mimi nimenunua mpira wa ndani mpya. Karatasi ya konji niliitia mezani kwa shefu juma lililopita. Bado hajaijibu.