MTO MZURI, MAJI JE?

Leo sina stori ya mapenzi wala ya mahari ya ng'ombe. Leo nina stori ya mto.

Kwa kinyozi wangu hapa Mugumu kuna kalenda kuukuu. Miezi yake ilikwisha zamani, lakini picha bado iko ukutani: mto, daraja na ukungu wa zambarau wenye jua jekundu katikati. Ukiisogelea unaona mabaka ya rangi tu, kama mtoto kachezea brashi. Ukirudi nyuma hatua tatu, lahaula, mto huo unatembea!

"Huyu mchoraji kalipwa nusu, ndiyo maana hakumaliza kazi," akasema jamaa mmoja kwenye benchi. Kijiwe kizima hoi kwa kicheko. Nami nikacheka, lakini jina la chini nikalinakili: Claude Monet. Si mnanijua, sipendi kupitwa!

Basi nikafuatilia. Monet alikuwa Mfaransa, na mto huo ni Thames wa London. Alifika huko kwanza mwaka 1870 akikimbia vita kwao. Akarudi 1899, 1900 na 1901, safari hii mtu mwenye jina, akapanga hoteli ya Savoy, dirisha linatazama mto. Alichora picha karibu 100! Alizianza nyingi kwa pamoja. Mwanga ukibadilika anaacha hii anashika ile. Mwaka 1904 akaonyesha 37 mjini Paris.

Sasa sikieni. Ukungu ule haukuwa wa Mungu peke yake. Ulichanganyika na moshi wa makaa ya mawe, wa viwandani na majumbani. Na jamaa aliupenda kweli! Siku moja Machi 1900 alimwandikia mkewe kwamba ameamka hakuna ukungu hata chembe, roho ikamruka, akaona picha zake zimeharibika. Kidogo kidogo watu wakawasha moto, moshi ukarudi, na yeye akapumua. Kumbe wenzake ndio walikuwa hawapumui! Desemba 1952 moshi wa aina hiyohiyo uliua watu wapatao 4,000 London, tena hiyo ni hesabu ya awali.

Nikaiomba ile kalenda, nikaenda kumwonyesha Bibi yangu ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Tarime. Akaitazama weee, kisha akaniuliza:

"Mura, mto huu mzuri. Na maji yake wanakunywa?"

Nikabaki mdomo wazi.

Bibi ana haki ya kuuliza. Mto Mara nao uko kwenye kalenda dunia nzima, nyumbu wanavuka Kogatende, mamba wanasubiri. Mgeni akiitundika ukutani kwake anasema, oh, Afrika! Lakini Machi 2022 maji ya Mara yaligeuka rangi huko Kirumi, samaki wakaelea wamekufa, watu wakaambiwa wasiyatumie. Kamati ya serikali ikasema chanzo ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza. Wengi hawakuridhika, na mpaka leo ukiligusa suala hilo kijiweni, chai inapoa watu wakibishana.

Wiki ile Bibi aliogopa, akanunua maji ya dumu. Ng'ombe wake waliendelea kunywa mtoni. Nani ana ubavu wa kuwanunulia ng'ombe maji ya dumu? Kila jioni alisimama zizini anawahesabu, anawaangalia macho.

Mimi sigombani na Monet. Kazi yake ilikuwa rangi, na rangi aliziona kweli. Lakini mchoraji alilipa hoteli, akafunga mizigo, akaenda kwake. Waliobaki kando ya Thames ndio waliohangaika. Mwaka 1956 wakapata sheria ya kupunguza moshi. Mwaka uliofuata mto wenyewe ukatangazwa umekufa, hauna uhai. Wakapambana na majitaka yao miaka na miaka, na leo samaki wamerudi. Hakuna mgeni aliyewafanyia.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Tarime na Serengeti, ukiona picha nzuri ya mto wetu, furahi. Halafu uliza swali la Bibi.

Kalenda ya watu sijarudisha. Bibi kaing'ang'ania, kaitundika juu ya mtungi. Kinyozi, nisamehe!

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.