Shughuli Ikiahirishwa, Fedha za Watu ni Amana

Jumamosi ya Machi 8, 2025, katika siku za mwanzo za mfungo wa Ramadhani, mashabiki waliokwisha kulipa viingilio waliambiwa kuwa mechi ya Yanga na Simba katika Uwanja wa Benjamin Mkapa haitachezwa. Simba walilalamika kuzuiwa kufanya mazoezi uwanjani humo usiku wa kuamkia siku hiyo, wakatangaza kuwa hawatacheza. Bodi ya Ligi nayo ikaiahirisha mechi siku ile ile. Ilikuja kuchezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0. Wasomaji watakumbuka pia Mei 8, 2021, nayo ndani ya Ramadhani, mechi ya timu hizo ilipokwama baada ya saa ya kuanza kusogezwa kutoka 11 jioni hadi 1 usiku. Hiyo ilichezwa Julai 3.

Hatukusudii kuhukumu kati ya timu hizo mbili. Linalotushughulisha ni fedha iliyotoka nyumbani. Kijana wa Kidete, wilayani Kilosa, anayekwenda Dar es Salaam kutazama mechi, hagharimii kiingilio peke yake. Iko nauli ya kwenda na kurudi, chakula na pa kulala. Na aghalabu fedha hiyo imetokana na gunia la mahindi lililokuwa la familia nzima. Watu wa Kidete wanajua vema maana ya safari kukatika, kwani mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliibomoa reli ya kati katika eneo lao. Swali la nani abebe hasara si geni kwao.

Dini yetu imelijibu swali hilo katika asili yake. Katika Suratun Nisaa, aya ya 29, Allah (S.W.) ametukataza kuliana mali kwa batili, isipokuwa iwe biashara ya kuridhiana. Na katika Sahihi Muslim, Jabir bin Abdillah (R.A.) amepokea mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kuhusu muuzaji wa matunda ambayo yamepatwa na janga: si halali kwake kuichukua fedha ya mnunuzi, kwa kuwa hana haki ya kuichukua. Zingatieni kwamba muuzaji huyo hakulileta janga yeye. Kutokuwa na kosa hakumpi mtu ruhusa ya kubaki na thamani ya kitu ambacho hakukitoa.

Sheria ya nchi inakwenda njia hiyo hiyo. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inaeleza katika kifungu cha 56 kuwa mkataba ambao utekelezaji wake umekuwa muhali hubatilika, na kifungu cha 65 humtaka aliyepokea manufaa chini ya mkataba uliobatilika ayarejeshe au alipe fidia. Pale upande mmoja unapouvunja mkataba, kifungu cha 73 humpa aliyeumia haki ya kufidiwa hasara iliyotokana na uvunjaji huo. Kwa hiyo kurejeshewa fedha ni haki wala si hisani, na anayeidai kwa adabu hastahili kuitwa mgomvi.

Lakini haki hiyo huanzia mitaani kwetu. Takriban kila kijiji kina mtu anayekusanya fedha za safari, iwe ya mpira, ya harusi au ya Maulidi. Tuchukue mfano: watu 30 wamempa shilingi 40,000 kila mmoja, jumla 1,200,000. Ametanguliza 300,000 kwa mwenye basi, naye mwenye basi hazirudishi. Shughuli imeahirishwa. Afanyeje?

Inategemea alisimama kama nani. Ikiwa alikuwa wakala wao tu, akiwatumikia kwa idhini yao, naye hakuzembea, hasara ya 300,000 ni ya wote. Atawaonyesha risiti na kumrudishia kila mmoja 30,000. Ikiwa aliwauzia safari kama biashara yake, akitaraji faida, basi hasara ni yake kama ambavyo faida ingekuwa yake, na kila mmoja atarudishiwa 40,000 kamili. Asilolimiliki hata kidogo ni kunyamaza, au kuzitia fedha hizo katika biashara nyingine akisubiri mechi ijayo. Hizo ni amana, na Suratun Nisaa, aya ya 58, imeamrisha amana zirejeshwe kwa wenyewe.

Kwa upande wa mlipaji, tunanasihi mambo haya. Kwanza, ulizeni kabla ya kulipa: shughuli isipofanyika, fedha itarudi vipi na lini? Aya ya 282 ya Suratul Baqarah imetufundisha kuandikiana madeni. Daftari lenye majina na saini linatosha. Pili, msifute ujumbe wa malipo katika simu, wala msitupe kadi au tiketi. Tatu, dai liandikwe na kupelekwa kwa aliyepokea fedha, likitaja tarehe, kiasi na namba ya muamala. Akikataa, huduma iliyouzwa kibiashara ina Tume ya Ushindani (FCC) inayopokea malalamiko ya walaji. Na deni la jirani, sulhu ikishindikana mbele ya wazee, lina Mahakama ya Mwanzo. Nne, jihadharini na matapeli. Mtu akipiga simu akidai anakurudishia kiingilio, kisha akataka namba yako ya siri, huyo ni mwizi. Anayekutumia fedha hana haja ya namba hiyo.

Mwisho, wazazi wasimkejeli kijana aliyerudi mikono mitupu. Wakae naye, wahesabu pamoja kilichotumika na kinachodaiwa, ajifunze kudai bila matusi. Na ikiwa mdaiwa kweli hana, aya ya 280 ya Suratul Baqarah imetuelekeza kumpa muhula mpaka apate nafasi. Muhula huo nao uandikwe tarehe, ili subira ya mdai isije ikageuzwa kuwa msamaha ambao hakuutoa.