Sheria ya kamari isilegezwe tena

Rais William Ruto alipotia saini Sheria ya Udhibiti wa Kamari mnamo Agosti 2025, Kenya iliachana na sheria ya mwaka 1966, iliyotungwa enzi ambazo mcheza kamari alilazimika kufunga safari hadi kasinoni. Leo hafungi safari yoyote. Anasuka mkeka wa ubashiri akiwa ndani ya matatu, anatazama ndege ya mchezo wa kamari wa Aviator ikipaa mwalimu akiwa bado anafundisha, na pesa zimeshatoka M-Pesa kabla hajatafakari.

Sheria mpya inaunda mamlaka ya kusimamia sekta hii, inaweka Sh20 kuwa dau la chini kabisa mtandaoni na kubana matangazo. Tunaiunga mkono. Lakini kutunga sheria ndiyo sehemu rahisi ya kazi hii. Miaka minane iliyopita imetufunza kwamba kampuni za kamari haziogopi sheria, huisubiri ichoke.

Tukumbushane. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha kodi ya asilimia 35 kwa mapato ya kampuni hizo. Kodi ilipoanza kutozwa Januari 2018, SportPesa ilikatiza ufadhili wake kwa ligi kuu ya soka, Gor Mahia, AFC Leopards na vyama vingine vya michezo nchini. Wakati huohuo, nembo yake iliendelea kuvaliwa na wachezaji wa Everton kule Uingereza. Mashabiki wetu wakafanywa kuamini kuwa adui wa soka ni mtoza kodi. Kabla ya mwaka kwisha, kodi hiyo ilikuwa imeshuka hadi asilimia 15.

Julai 2019 serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27. Septemba, SportPesa na Betin zikafunga shughuli zao nchini, wafanyakazi wakapoteza kazi, na lawama zikaelekezwa kwa ushuru wa asilimia 20 ambao Bunge liliupitisha kwa kila dau. Mwaka uliofuata Bunge likaufuta ushuru huo. Oktoba 2020 jina la SportPesa likatangazwa kurejea kupitia leseni ya kampuni nyingine, Milestone Games, na mvutano na bodi ya kudhibiti kamari ukafika mahakamani.

Utaratibu ni uleule kila mara: sheria inapokaza, wachezaji wa soka wanatangulizwa mbele, kisha wafanyakazi, kisha mawakili. Hatuzinyimi kampuni haki ya kwenda kortini. Hiyo ni haki ya kikatiba. Tunachokataa ni kuigeuza njaa ya vilabu vyetu kuwa silaha ya kujadiliana na Bunge.

Matangazo nayo yana historia yake. Mei 2019 bodi ilipiga marufuku mabango ya barabarani na watu mashuhuri kuinadi kamari. Aprili 2025 bodi hiyohiyo ililazimika kusimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, kisha ikarudia kuwakataza watu mashuhuri. Amri inayohitaji kutolewa upya baada ya miaka sita haikuwahi kutekelezwa.

Kampuni zina hoja moja inayostahili jibu. Zinasema masharti makali yatawasukuma wachezaji kwenye tovuti zisizo na leseni, ambako hakuna kodi wala ulinzi. Hatari hiyo ipo kweli. Lakini dawa yake ni kuifuata pesa, kwa sababu tovuti isiyo na njia ya kupokea malipo haina biashara.

Marekani ilijaribu njia hiyo. Oktoba 2006 Rais George W. Bush alitia saini sheria iliyozilenga pesa zinazopelekwa kwa kampuni za kamari haramu mtandaoni. Kampuni ya kamari ya PartyGaming, iliyokuwa kwenye soko la hisa la London, iliwafungia wateja wa Marekani. PokerStars na Full Tilt zikabaki, zikaendelea kupokea wateja hadi Aprili 2011, waendesha mashtaka wa New York walipofungua kesi wakidai malipo yalifichwa mbele ya benki kama ununuzi wa vito na mipira ya gofu. Wateja wa Full Tilt walijikuta hawawezi kutoa pesa zao. Iliyotii ilipoteza soko, zilizokaidi zikalirithi kwa zaidi ya miaka minne. Sheria isiyosimamiwa humwadhibu mtiifu na kumtajirisha mkaidi.

Kenya ina nafasi bora kuliko Marekani ya wakati ule, kwa kuwa dau kubwa na dogo hupitia kwenye simu. Mamlaka mpya ina wajibu wa kuchapisha orodha ya kampuni zenye leseni na nambari zao za paybill, na kuifanya mpya kila inapobadilika. Kampuni za simu zina wajibu wa kufunga nambari yoyote isiyokuwa kwenye orodha hiyo bila kungoja barua ya pili. Zinapata ada kwa kila muamala. Haziwezi kudai hazioni kinachopita mikononi mwazo.

Wajibu wa serikali ni mzito zaidi. Wiki chache kabla ya sheria hii kutiwa saini, Sheria ya Fedha ya 2025 ilishusha ushuru wa kamari kutoka asilimia 15 ya dau hadi asilimia 5 ya pesa zinazowekwa kwenye akaunti ya mchezaji. Hazina ya Kitaifa haiwezi kuwa mlinzi wa vijana na papo hapo mshirika anayehesabu hasara yao kama mapato. Bunge liache kubadilisha viwango vya kamari katika kila mswada wa fedha, na kila pendekezo la kuvishusha liambatane na maelezo ya wazi kuhusu nani aliyeliomba.

Vyombo vya habari, kikiwemo hiki, vina wajibu wa kukataa tangazo linalokiuka sheria hata msimu wa matangazo unapokuwa mkavu. Mashirikisho ya michezo nayo yatafute wafadhili wengine sasa, wakati bado yana nafasi ya kuchagua.

Na kampuni zenyewe? Zithibitishe umri wa kila mteja kwa kitambulisho, zimfungie kabisa anayeomba kufungiwa, na zikome kumtumia bonasi aliyekwisha kupoteza karo ya mtoto. Isiyoweza kupata faida kwa masharti hayo haina biashara ambayo Kenya inapaswa kuilinda. Ikitishia kuondoka, iache iende, na safari hii Bunge lisiifuate na nafuu ya kodi.