Tuonyesheni Maswali Kwanza

MIZANI YA JUMA
Na Maganga Luhende

Mpunga ukishavunwa na mashine za kukoboa za Kagongwa zikianza kunguruma mchana kutwa, aghalabu huja pia wadodosaji: vijana waungwana wenye vishikwambi, waliotumwa na taasisi hii au mradi ule, wakimwuliza mkulima kavuna kiasi gani, kala nini, na ana kazi gani, kisha, baada ya miezi kadhaa, hutangazwa mijini kwamba asilimia kadha wa kadha ya watu wa Shinyanga na Geita wako hivi au vile. Mintarafu takwimu hizo watu hubishana sana, hawa wakizikumbatia na hawa wakizikanusha, ilhali ni nadra kumsikia mtu akiuliza jambo lililopasa kutangulia: huyo aliyejibu aliulizwa nini, na kwa maneno gani?

Ithibati ya uzito wa jambo hili ilipatikana humu humu nchini. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008 watafiti, miongoni mwao Kathleen Beegle wa Benki ya Dunia na Joachim De Weerdt, walizigawa kwa kura kaya takriban 4,000 za wilaya saba, mojawapo ikiwa katika mkoa wetu wa Shinyanga, wakazidodosa kwa mitindo 8 mbalimbali juu ya matumizi yao: wengine wakatakiwa kukumbuka siku 7 zilizopita, wengine siku 14, wengine kueleza mwezi wa kawaida, na wengine kuandika shajara ya kila siku. Maadamu makundi yaligawanywa kwa kura, hapakuwa na sababu ya kundi hili kuwa na njaa kuliko lile. Hata hivyo hesabu ya wenye njaa iliyotokana na majibu hayo ilitofautiana, kwa mtindo wa kuuliza tu, toka asilimia 19 hata 68. Swali ni kipimo kama kisado cha sokoni, na mwenye kubadili kisado amekwisha kubadili hesabu kabla nafaka haijamiminwa.

Katika uchunguzi huo huo iliulizwa pia habari ya kazi, na hapa wanawake wetu wanahusika sana. Dodoso fupi, lisilotanguliwa na maswali ya kupekua shughuli moja moja, lilipunguza idadi ya wanawake wanaohesabiwa kuwa wafanyakazi. Na mtu alipojibiwa na mwenzake wa nyumbani badala ya kujibu mwenyewe, wanaume ndio waliopungua. Kati ya mtindo na mtindo tofauti ilifika hata pointi 10 za asilimia. Anayekaa huku hatashangaa, kwani mwanamke aliyepandikiza miche ya mpunga asubuhi na kuponda mawe ya dhahabu mwaloni alasiri, akiulizwa kwa mkato kama ana kazi, atajibu kuwa hana, akidhani anaulizwa ajira ya mshahara. Lakini akiulizwa kama katika siku 7 zilizopita amefanya, japo kwa saa moja, shughuli ya shamba, ya biashara au ya machimbo, atazitaja zote bila kusita.

Makosa mengine ni madogo kwa sura lakini makubwa kwa matokeo. Mkulima huulizwa amevuna magunia mangapi pasipo kubainishwa kama ni mpunga au mchele, wala kama gunia ni la kawaida au lumbesa. Mchimbaji wa duara, yaani shimo la dhahabu, ambaye malipo yake ni viroba vya mawe vinavyoweza kuwa na dhahabu au kuwa mawe matupu, huulizwa kipato chake cha mwezi, ilhali hana mwezi unaofanana na mwenziwe. Mkazi huulizwa kama ameridhika na maji na barabara, mambo mawili katika swali moja, akalazimika kutoa jawabu moja. Fauka ya hayo, dodoso lililoandikwa kwa Kiswahili cha ofisini hugeuzwa kuwa Kisukuma papo hapo barazani, kila mdodosaji kwa maneno yake, hata dodoso moja likawa madodoso ishirini.

Wapo wasemao kwamba vishikwambi vimekwisha kutibu maradhi haya, tangu vilipotumika kwa mara ya kwanza katika Sensa ya Agosti 2022. Ni kweli kwamba kishikwambi huzuia swali kurukwa na huharakisha majumlisho. Lakini swali lililopinda halinyooki kwa kuandikwa kwenye kioo. Wengine husema, na hoja yao ni ya insafu, kwamba dodoso refu ni ghali na humchosha mjibuji. Basi na waulize mambo machache, lakini wayaulize sawasawa, na wayajaribu kwanza kwa watu wachache wa mahali husika, wakiwasikiliza wanavyolielewa kila swali kabla ya kulipeleka kwa maelfu.

Nasi tunaododoswa tuna wajibu wetu. Mwenyekiti wa mtaa anapoletewa barua ya kuomba idhini ya utafiti, asitosheke na mhuri, bali aombe dodoso lenyewe, alisome pamoja na mkulima mmoja na mama mmoja wa mwaloni, na aseme wazi panapopinda. Na diwani atakaposomewa asilimia katika kikao, kabla ya kupitisha fungu la fedha kwa msingi wa asilimia hiyo, adai kusomewa swali lililoizaa, neno kwa neno.