Milango ya Kaka Inapanda Juu, na Bibi Anakaa Kiti cha Kushoto

Wanachuo wenzangu, wale mlioiona ile klipu Desemba ya juzi, naomba mnivumilie. Ile Toyota Celica ya bluu iliyoegeshwa chini ya mwembe pale Ujiji, milango yake imesimama juu kama mabawa ya kuku aliyeshtuliwa, ni ya kaka yangu. Aliyerekodi ni mimi. Anayesikika akicheka nyuma ya simu pia ni mimi.

Naandika kwa sababu nyumbani kuna kesi. Baba anataka milango irudishwe kama ilivyotoka kiwandani. Kaka hataki hata kusikia. Mama amesema yeye hana neno, jambo ambalo kwetu maana yake ana maneno mengi. Mimi, kwa kuwa ndiye "msomi" wa familia, nimeambiwa nije na maoni yangu likizo. Basi ni haya, na nayatoa kwanza hapa ili mnikosoe kabla Baba hajanikosoa: milango ya kupanda juu ibaki, ila wa kushoto ufundishwe adabu.

Nianze na gari lenyewe. Kaka anafanya biashara ya dagaa. Alfajiri yuko Kibirizi kwenye maboti, mchana anahangaika na wapakiaji. Pesa yake ya kwanza ya maana alinunua Celica iliyotumika, mkono wa tatu au wa nne sijui. Ina milango miwili tu, na milango ya magari ya namna ile ni mirefu, maana hata anayekaa nyuma anapita hapo hapo. Ukiifungua kikawaida kwenye vichochoro vya Ujiji, ama unakwangua ukuta wa jirani ama unamwangusha mtu wa bodaboda. Kwa hiyo mwaka 2023 alipoagiza bawaba za kupandisha milango juu, sababu alikuwa nayo. Sisemi ndiyo iliyomtuma. Namjua kaka yangu. Nasema tu ilikuwepo.

Bawaba zilifika kwenye boksi, kwa basi kutoka Dar. Kigoma hatushangai vitu vinavyokuja kwenye maboksi. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye makasha kama 5,000, ikaletwa mpaka huku ikaunganishwa upya, na mwaka 1915 ikashuka ziwani. Kwa hiyo fundi wetu wa Mwanga alipoletewa boksi moja na karatasi ya maelezo yenye picha tupu, hakutetereka. Alitoa fenda, akakata sehemu ya ndani ili bawaba ipate pa kuzungukia, akarefusha nyaya za dirisha na za spika (mlango ukipanda nyaya fupi zinakatika), akafunga shokapu ya gesi kila upande. Siku nne, kazi imekwisha.

Maneno nayo yakaanza. Limbukeni. Mshamba wa pesa. Angenunua mashine ya boti. Mzee mmoja jirani alimwuliza kama gari limevunjika.

Hapa ndipo ninapomtetea kaka. Milango ya kwenda juu haikuanza kama mapambo. Mercedes 300 SL ya mwaka 1954 ilipewa milango ya bawaba za paani kwa sababu chasisi yake ya mabomba ilikuwa imepanda sana ubavuni, mlango wa kawaida usingepata nafasi. Ile ya mkasi, ambayo vijana wote tunaiita "milango ya Lambo", ni wazo la mbunifu Marcello Gandini. Aliijaribu kwenye gari la maonyesho la Alfa Romeo Carabo mwaka 1968, kisha ikaingia kwenye Lamborghini Countach. Countach ni pana kweli kweli, na ukiwa ndani huoni nyuma. Dereva anayetaka kurudi nyuma anapandisha mlango, anakalia kizingiti, anachungulia nje huku anarudi. Mnaona? Gari la bei ile, na mwenyewe anarudi nyuma kama kondakta aliyening'inia kwenye Hiace.

Tena mnaomcheka kaka, mmepanda Noah ngapi? Mlango wa nyuma wa Noah unapanda juu, una shokapu mbili za gesi, na nusu ya Noah za nchi hii shokapu zimekufa, mlango unashikiliwa kwa fimbo. Hakuna anayesema dereva wa Noah ni limbukeni. Likiwa buti ni usafiri, likiwa mlango wa mbele ni majivuno.

Sasa kuishi nayo. Watu wanadhani raha ya milango ile ni kuifungua. Mwezi wa kwanza, ndiyo. Watoto wa mtaani walikuwa wanamsubiri kaka arudi, wanaimba "fungua tena, fungua tena", naye anafungua. Hata barabarani alishasimamishwa na askari, akaombwa leseni, kisha akaombwa apandishe mlango. Baada ya hapo inabaki hesabu. Ukisimama unaangalia juu kabla ya kuangalia pembeni, maana miembe ya Ujiji haikupandwa kwa ajili ya Celica na matawi yake yameshachubua rangi mara mbili. Mvua ikinyesha mlango uliopanda haukukingi, na maji yaliyokuwa juu yake yanakuja kwako. Mtu mrefu anagonga kichwa. Mtu mfupi akishakaa haufikii mlango kuushusha, ndiyo maana Mama alifunga kipande cha kitenge kwenye mpini wa ndani, tunavuta kama kengele ya kanisa.

Na milima. Anayeijua Kigoma anajua kwamba ukitoka stesheni kwenda Mwanga unapanda. Kaka alikuwa na tabia ambayo hakuna aliyeielewa: lazima aegeshe pua ikitazama bondeni. Tukidhani ni mbwembwe.

Jibu nililipata BTP, Agosti 2024, nikifundisha Fizikia Kidato cha Pili katika shule moja ya huko huko nyumbani. Mada ilikuwa nguvu na mzunguko wake, ile ya kipimo cha nguvu mara umbali kutoka kwenye egemeo. Niliifundisha kwa Kiingereza kama inavyotakiwa, na darasa likanitazama kama samaki barafuni. Kesho yake nikamwomba mkuu wa shule ruhusa, kaka akaja na gari uwanjani. Nikawaambia wanyanyue mlango polepole kwa mkono, mmoja mmoja, waniambie ni wapi ni mzito. Wote wakasema mwanzoni, ukiwa umelala. Ukishakaribia kusimama, mwepesi. Kwa nini? Msichana mmoja wa nyuma, ambaye wiki tatu sijawahi kusikia sauti yake, akasema kwa Kiswahili: "Mwalimu, uzito ni ule ule, ila ukiwa umelala uko mbali na bawaba. Ukisimama umeisogelea." Halafu, bila kuulizwa, akaendelea kwamba gari likitazama mlimani mlango uliofunguliwa unaegemea nyuma, uzito unaenda mbali na bawaba tena, kwa hiyo utataka kushuka. Likitazama bondeni unasimama wima, unatulia.

Kaka alikuwa ameegemea boneti anatabasamu. Alikuwa anajua miezi mingi, kwa mikono. Tumesoma kozi nzima ya zana za kufundishia hapa chuoni, tukachora mabango ya manila. Sijawahi kupata zana kama ule mlango.

Lakini ngoja. Kwa nini mlango ulikuwa unataka kushuka wakati kuna shokapu? Kwa sababu ya kushoto ilikuwa inakufa. Shokapu ya gesi ni silinda yenye gesi iliyoshindiliwa, ikianza kuvuja inadhoofika kidogo kidogo. Ya kubadilisha lazima ilingane na uzito wa mlango, na Kigoma haipo, inaagizwa. Na mwaka ule wa 2024 upande wetu wa Ziwa Tanganyika ulifungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Siupingi uamuzi, ziwa lisipopumzika tutauza maji. Nasema tu mfanyabiashara wa dagaa bila dagaa haagizi shokapu. Kaka alitafuta kipande cha kasia kilichovunjika, akakichonga, kikawa gongo la kushikilia mlango wa kushoto. Ziwa likafunguliwa, madeni yakalipwa kwanza, gongo likabaki. Mnajua mambo ya muda yanavyodumu.

Mlango wa kushoto ndio wa Bibi.

Bibi yetu ana presha na nyonga mbovu. Kila mwezi anakwenda kliniki Maweni, na kaka ndiye anayempeleka, tangu zamani, hata siku ambazo mafuta ni ya kukopa. Hilo Baba analisahau akiwa na hasira. Zamani, milango ikiwa ya kawaida, Bibi alikuwa na namna yake ya kuingia: anageuza mgongo, mkono mmoja anashika juu ya mlango, mwingine paa, anajishusha taratibu, kisha anaingiza miguu. Celica iko chini sana, kwa hiyo ule mlango ulikuwa fimbo yake. Ulipopandishwa juu, ukaondoka na fimbo. Siku ya kwanza alisimama akautazama, akasema, "Mjukuu wangu, naingia garini au naingia kinywani mwa mamba?" Sote tukacheka. Alikuwa hatanii sana.

Klipu niliyoituma Desemba ina sekunde 15. Niliyorekodi ilikuwa dakika nzima. Zile sekunde nyingine 45 zinamwonyesha Bibi akitafuta pa kushika, anashika hewa, anashika kitenge kinavutika, mwisho anashika bega la mtoto wa jirani. Nilizikata kwa sababu zilikuwa zinaharibu. Ndivyo nilivyofikiri, kwa neno hilo hilo. Mkaiona, mkaicheka, mkanipa jina, na mimi nikafurahi bana, sitawadanganya.

Aprili mwaka uliofuata, masika, gongo liliteleza. Mlango ulishuka Bibi akiwa bado ameshika kizingiti. Vidole viwili. Havikuvunjika, mshukuru Mungu, lakini kucha moja ilitoka na mkono ulivimba wiki mbili. Mimi nilikuwa huku, nikaambiwa kwa simu. Baba alishatamka hukumu kabla damu haijakauka.

Namwelewa Baba. Ila nasema hukumu yake imekosea mshtakiwa. Mlango kwenda juu haukumwumiza Bibi. Kilichomwumiza ni shokapu iliyokufa ikaachwa, na kabla ya hapo ni kwamba wakati wa kupanga kazi ile fundi aliulizwa, jamaa wa mtaani waliulizwa, hata mimi nilitumiwa picha nichague, na mtu pekee ambaye angekalia kiti cha kushoto kila mwezi hakuulizwa chochote. Sisi tuliokuwa nje ya gari ndio tuliotoa maoni.

Msidhani haya ni ya Ujiji tu. Kuna ukumbi mmoja hapa kampasi ambao sote tunapigia picha siku ya mahafali, ngazi zake pana, nzuri. Mwenzetu wa mwaka wa pili anayetumia kiti cha magurudumu huzunguka nyuma, kwenye mlango wa wapishi, na mara nyingine umefungwa anaanza kupiga simu. Nimepiga picha pale mara tatu. Ngazi zile sijawahi kuzitazama kutoka chini.

Turudi kwenye mlango. Nilimpigia fundi mwenyewe. Akaniambia kitu ambacho hakuna nyumbani aliyekuwa amemwuliza: bawaba za namna hii hazilazimiki kwenda juu moja kwa moja. Hata hizi za kaka zinatoka nje kidogo kwanza ndipo zinapanda, mlango usikwangue fenda. Zipo zinazofunguka nje kabisa kama mlango wa kawaida, na ukitaka ndipo unapandisha. Kwa upande wa kushoto anaweza kufunga hizo, na shokapu mpya yenye nguvu ya kutosha. Bibi atafunguliwa mlango wa kushika, kichochoroni utapandishwa. Ghali? Ndiyo. Nimeahidi kuchangia kutoka kwenye bumu, na atakayenicheka aje anicheke nikiwa nakula wali maharage mwezi mzima.

Kuna mmoja wenu aliniambia dawa ni rahisi, kaka auze Celica anunue Noah. Labda. Lakini kijana anayeamka saa tisa usiku kwenda Kibirizi, anayenuka dagaa mpaka kwenye daftari la hesabu, akiwa na kitu kimoja maishani mwake kinachofanya watoto wapige kelele za furaha, mimi siwezi kuwa wa kwanza kumwambia akiuze. Nimeona uso wake siku ile uwanjani, yule msichana alipoeleza mlango wake kuliko nilivyoueleza mimi.

Fundi ametaja Ijumaa ya wiki ya kwanza ya likizo. Baba amesema atakuja kuangalia, hajasema amekubali. Kaka ana sharti moja, kwamba mlango wake wa kulia usiguswe. Bibi naye ametuma lake kupitia kwa Mama: siku ya kuujaribu, mimi niweke simu mkobani, nisimame upande wa kushoto, nishike mkono.