Kanumba si kifo chake tu

Huku Yakobi, Njombe, tukikaa kushona gauni la bibi harusi, Steven Kanumba hakosi kutajwa. Maneno ni yale yale: usiku wa kuamkia Aprili 7, 2012, Sinza, nani alifanya nini. Tumechoka! Kijana yule wa Shinyanga alianzia Kaole, kwenye michezo ya runinga, akafika hadi kucheza Dar to Lagos na Wanigeria. Alifariki na miaka 28 tu. Kusengenya tunajua ni haramu, ila kwa marehemu tunajifanya tunasimulia historia. Bi harusi wetu wa Ijumaa hajatazama filamu yake hata moja, lakini kifo anakijua chote.