Tamko la mabaharia wahudumu kuhusu ulinzi wa kabini katika meli za kitalii

1. Chama chetu kinawakilisha mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki wanaotunza vyumba, kuhudumu mezani na kufua nguo katika meli za kitalii. Hao ndio wanaoingia kabini za abiria kila siku, na ndio wa kwanza kutiliwa shaka kitu kinapopotea. Kwa hiyo ni wajibu wa chama kulisemea suala hili mbele ya umma, kampuni za meli na mamlaka husika.

2. Kabini ni makazi. Anayelala ndani yake, awe amelipa nauli au analipwa mshahara, ana haki ya kufunga mlango na kujua ni nani mwingine anayeweza kuufungua. Haki hiyo haipungui kwa sababu meli iko bahari kuu.

3. Sheria zimekwisha kuitambua haki hii. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya usalama wa meli za abiria, inayozihusu meli kubwa zenye nafasi ya abiria wasiopungua 250 wanaopanda au kushuka katika bandari zake. Sheria hiyo inataka mlango wa kila kabini, ya abiria na ya baharia vilevile, uwe na tundu la kuchungulia au njia nyingine ya kumtambua anayebisha hodi. Meli zilizoanza kuundwa baada ya sheria hiyo zinatakiwa kuwa na komeo la ndani na ufunguo unaokoma kufanya kazi muda wake ukiisha. Kampuni nazo zinatakiwa kuweka utaratibu wa mabaharia gani waingie kabini za abiria, na saa ngapi. Kwa upande wa wafanyakazi, Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ulioridhiwa na Kenya mwaka 2014 na Tanzania mwaka 2019, unampa kila baharia kabati la nguo la lita zisizopungua 475, ambalo yeye mwenyewe anaweza kulifunga kwa kufuli.

4. Ugumu unaanza pale jambo linapotokea. Katika bahari kuu meli iko chini ya mamlaka ya nchi ambayo inapeperusha bendera yake, na meli nyingi za kitalii zinapeperusha bendera za Bahamas, Panama au Malta. Mpelelezi yuko mbali. Safari ikiisha, abiria hushuka asubuhi na wageni wapya hupanda siku hiyohiyo. Kabini imeshafagiliwa na mashuka yamebadilishwa. Ushahidi usiohifadhiwa na meli yenyewe katika saa za mwanzo huwa umepotea.

5. Na ushahidi upo. Kitasa cha kadi huweka kumbukumbu ya kadi iliyofungua mlango na saa uliyofunguliwa. Hata hivyo, wanachama wetu wamehojiwa, na wengine wameteremshwa bandari iliyofuata, bila kuoneshwa kumbukumbu hiyo hata mara moja. Abiria aliyeibiwa naye huambiwa tu kwamba suala lake limeshughulikiwa. Msimamo wa chama ni kwamba kumbukumbu ya kitasa si siri ya kampuni dhidi ya mlalamikaji wala dhidi ya mtuhumiwa. Ioneshwe kwa wote wawili, siku hiyohiyo.

6. Chama kinataja hasa hatari ya saa za usafi. Mhudumu ameegesha toroli, mlango uko wazi, naye yuko bafuni anasugua sinki. Anatokea mtu amejifunga taulo, maji yakimtiririka kutoka bwawani, anasema hiki ni chumba chake na kadi ameisahau. Mhudumu akimruhusu, huenda amemkaribisha mwizi. Akimzuia, huenda jioni abiria akampa alama mbaya kwamba hana adabu, na alama hizo ndizo zinazoamua kama mkataba wake utahuishwa. Chama hakikubali mtu wa kipato kidogo kabisa melini abebeshwe uamuzi huu peke yake. Kila anayeingia afungue kwa kadi yake au athibitishwe na ofisi ya mapokezi. Na mhudumu anayelishikilia hilo alindwe na wakubwa wake.

7. Kuhusu vitu vya thamani, ni haki abiria aelezwe kabla ya kung'oa nanga kwamba, kwa Mkataba wa Athens wa 1974, mwenye meli hawajibiki kwa fedha taslimu na vito vilivyopotea isipokuwa alikabidhiwa avihifadhi. Sefu ya kabini inafaa kwa pasipoti na simu. Hata hivyo, mwenye meli anaweza kukana kwamba kitu kilichomo alikabidhiwa yeye. Mkufu wa dhahabu ukabidhiwe ofisini kwa stakabadhi. Mkataba huohuo unamtaka aliyepotelewa na mzigo atoe taarifa kwa maandishi ndani ya siku 15 tangu kushuka. Siku hizo ni chache, na wengi huzijua zimekwisha kupita.

8. Kwa hiyo chama kimeazimia yafuatayo. Hakuna mwanachama atakayetia saini maelezo yoyote ya tuhuma ya wizi kabla ya kuoneshwa kumbukumbu ya kitasa. Mwanachama atakayeteremshwa kinyume cha hayo atasaidiwa na chama kupeleka malalamiko kwa mamlaka ya bandari aliyoteremshwa, kama Mkataba wa Kazi za Baharini unavyomruhusu.

9. Chama kinaziomba mamlaka za usafiri wa majini za Kenya, Tanzania Bara na Zanzibar, zinapokagua meli za kitalii zinazofika Mombasa na Unguja, zisiishie kwenye vyeti. Wakaguzi washuke hadi kabini za mabaharia, wajaribu makufuli ya makabati, na waulize nani anashika kadi inayofungua milango yote.

10. Abiria nao wanaombwa wavute mlango hadi kitasa kilie, wafunge mlango wa roshani meli ikiwa gatini, wasitaje namba ya kabini mbele ya wasiowajua, na wamvumilie mhudumu anayewaomba kadi.